Moto wa Gesi Sebuleni: Kwanza Tazama Dirisha

Ifikapo Juni mji wa Dodoma hubadili tabia. Mchana jua huwaka kama kawaida na vumbi huruka barabarani, lakini likishatua, upepo mkavu huanza kuvuma, na mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam na shati jepesi hujuta. Mji huu upo mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti joto la usiku hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na pengine chini ya hapo. Hiyo si baridi ya Njombe wala ya Makete. Lakini kwa mtoto mchanga na kwa mzee ni baridi ya kutosha, nayo ndiyo inayowafanya watu waingize moto ndani.

Moto huo siku hizi ni wa namna mbili. Wako wanaoliinua jiko la mkaa kutoka barazani baada ya kupika na kuliweka katikati ya makochi. Na wako waliokwisha kununua gesi. Kwa kuwa wapangaji wengi wa mji huu, iwe Chang'ombe, Nkuhungu au Ipagala, hukaa katika chumba na sebule, pasipo chumba cha kupikia, mtungi huishia papo hapo sebuleni, kati ya televisheni na kabati la vyombo. Hapo hupikwa ugali, hapo watoto husoma, na hapo usiku hutandikwa godoro la mgeni. Basi suala la moto wa gesi sebuleni si la wenye majumba makubwa peke yao. Ni letu sote.

Naomba nianze na kisa cha nyumbani kwangu, ambacho sijivunii.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2019. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kututembelea kutoka upande wa Mpwapwa. Tulikuwa tumepika maharage barazani, na makaa yalipobaki mekundu, bila moshi hata kidogo, nililiinua jiko kwa mikono yangu mwenyewe nikaliweka sebuleni. Nikayasukuma madirisha ya aluminiamu mpaka yakabana. Nikasokota na tambara nikaliweka chini ya mlango ili upepo usipite. Tukaketi, tukaota moto, tukazungumza habari za shamba na za jamaa. Ilipopata saa moja na nusu hivi, mwanangu wa miaka minne alilalamika kichwa, kisha akatapika. Mke wangu naye akasema kichwa kinamgonga. Mimi, mtu mwenye stashahada, nikaanza kutafuta vidonge vya malaria.

Mama ndiye aliyesema, "Mwanangu, mimi nataka hewa." Aliinuka, miguu ikalegea, akashika ukuta, akafungua mlango na kuketi kizingitini. Upepo ule ule niliokuwa nikiuzuia kwa tambara ndio uliotuokoa. Tulipofika hospitali daktari hakuanza na habari za mbu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlikuwa na jiko ndani?"

NYUMBA NDIYO ILIYOBADILIKA

Jambo lililomsumbua mama siku zile ni kwamba yeye alilala kando ya moto utoto wake wote, ndani ya tembe, na hakupatwa na hayo. Hoja yake ni ya haki, na ndani yake mna somo. Tembe ya Mgogo ilijengwa kwa miti iliyokandikwa udongo, na paa lake bapa la udongo lililala juu ya boriti. Haikuwa na dari wala kioo. Moshi ulijipenyeza katika kila mwanya, na hewa mpya iliingia kwa njia hizo hizo. Nisieleweke kwamba naisifu: moshi ule uliharibu macho ya bibi zetu na vifua vya watoto wao. Lakini nyumba ilikuwa inapumua.

Nyumba ninayopanga mimi haipumui. Ina dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vinavyobana, na mlango wa chuma. Yale matofali ya matundu ambayo mafundi wa zamani waliyaweka juu ya madirisha hayapo. Siku hizi huonekana ya kishamba. Tumeibadili nyumba, na moto tumeuacha na tabia zake za zamani.

Tena kuni zilikuwa na kitu kimoja kizuri. Mama hulieleza kwa maneno yake: kuni hukufukuza nje kabla hazijakudhuru. Moshi ukizidi utakohoa, utatokwa machozi, utatoka. Mkaa uliokolea hauna moshi, na gesi haina moshi. Hakuna wa kukuonya.

Adui mwenyewe huitwa kaboni monoksidi. Ni hewa ya sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu wala ladha, nayo huzaliwa kila mahali panapoungua kitu pasipo hewa ya kutosha. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila kubeba kile ambacho mwili unakihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kuishiwa nguvu, na ndiyo maana watu huidhania kuwa malaria. Alama ya kuitambua ni hii: watu wa nyumba moja huugua kwa pamoja, bila homa, na hupata nafuu wanapotoka nje. Aliyelala usingizi hapati nafasi ya kuzitambua dalili hizo.

Mkaa ndio mzalishaji mkubwa wa sumu hiyo. Kwa hiyo jiko la mkaa halina nafasi sebuleni wala chumbani, hata likiwa limebakiza makaa matatu, na hata ukidhani kwamba umeacha dirisha wazi kidogo. Katika hili sina mjadala.

JE, GESI NI SALAMA?

Ni salama zaidi kwa mbali, kwa masharti. Gesi inayoungua vizuri, kwa mwali wa buluu uliosimama imara, hutoa kaboni monoksidi kidogo mno. Lakini nayo hula hewa. Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji takriban mita 12 za ujazo za hewa ili iungue sawasawa. Sasa pima sebule yako. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye dari ya mita 2.7, kina mita za ujazo 24 tu. Ukipika maharage kwenye pleti moja na maji ya kuoga kwenye ya pili, moto ukiwa mkali, kwa saa mbili hivi utakuwa umekaribia kilo moja. Maana yake ni kwamba jiko limetumia karibu nusu ya hewa ya chumba, nanyi mmo humo mnaivuta hiyo hiyo iliyobaki. Hewa ikipungua mwali hugeuka manjano, masufuria huanza kuota masizi, na sumu huanza kuzaliwa. Gesi hutoa na maji vilevile: kila kilo huacha chumbani zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Ukiona vioo vimelowa asubuhi, ujue nyumba yako inakwambia kuwa haina pa kutolea pumzi.

Hapo ndipo neno langu lilipo. Mnunuzi wa gesi huuliza bei ya mtungi, huuliza rangi ya jiko, huuliza kama litawaka lenyewe bila kiberiti. Kitu cha kwanza kukitazama ni dirisha. Sebule isiyo na dirisha linalofunguka, na isiyo na upenyo wa hewa karibu na sakafu, haifai kuwekwa moto wowote. Zungumza na mwenye nyumba. Tundu la ukubwa wa tofali moja, lililotobolewa chini ya ukuta wa nje na kuwekewa wavu wa kuzuia panya, na jingine juu karibu na dari, ni kazi ya fundi mmoja kwa asubuhi moja.

Kwa nini tundu la chini? Kwa sababu gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi. Hutambaa sakafuni kama maji, hujaa chini ya kitanda, huingia kwenye mifereji, na hungoja cheche. Nalisisitiza hili kwa kuwa wapo wenye jamaa Dar es Salaam, kule ambako baadhi ya nyumba zimeunganishwa kwa mabomba na gesi asilia, na wamewasikia wakisema kwamba gesi hupanda juu. Ni kweli kwa gesi asilia, ile ya Songo Songo iliyoanza kuzalisha umeme jijini humo mwaka 2004. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni nyingine kabisa, nayo hushuka.

KUCHAGUA

Mitungi inayopatikana kwa wingi madukani ni ya kilo 6, 15 na 38. Ule wa kilo 6 mara nyingi huuzwa pamoja na kichomeo kinachofungwa juu yake moja kwa moja, na juu ya kichomeo huwekwa sufuria. Ni wa bei nafuu, na huo ndio ambao Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiusambaza kwa bei ya ruzuku. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na kwa familia nyingi mtungi huo mdogo ndio mlango wa kuingilia. Kasoro yake ni kimo. Sufuria la ugali juu ya mtungi ni kitu cha kuyumba, na anayesonga ugali kwa nguvu aweza kuuangusha mtungi, moto na chakula kwa pamoja. Kama una watoto wanaotambaa na sebule ni moja, jitahidi ununue jiko la mezani lenye pleti mbili, utumie mtungi huo huo kwa mpira na regyuleta.

Regyuleta ni kile kichwa kinachokaa mdomoni mwa mtungi na kupunguza msukumo wa gesi. Msukumo uliomo ndani ya mtungi ni zaidi ya mara mia moja ya ule unaotakiwa na jiko la nyumbani, kwa hiyo hicho si kifaa cha kununua barabarani kwa kukisia. Midomo ya mitungi haifanani yote. Nenda na mtungi wako dukani, kifungwe mbele ya macho yako, na kikicheza hata kidogo ukikatae.

Pima uzito pia. Kwenye shingo ya mtungi umepigwa chapa uzito wake ukiwa mtupu. Uongeze kilo za gesi unazolipia, kisha uweke mtungi kwenye mizani. Mtungi mtupu wa kilo 7.3, ukijazwa kilo 6, lazima usome 13.3. EWURA imewataka wauzaji wa gesi wawe na mizani, kwa hiyo usione haya kuidai. Tazama na lakiri ya plastiki mdomoni. Iliyokatika ni sababu tosha ya kudai mtungi mwingine.

Kuhusu jiko lenyewe, wengi hudanganywa na kioo kinachometa. Mimi ningetazama kitu kimoja ambacho kwa Dodoma ni muhimu kuliko vyote: je, jiko linajifunga lenyewe mwali ukizimika? Yapo majiko yenye kijiti kidogo cha chuma kando ya kila pleti. Kijiti kikipoa, gesi hujifunga. Hapa kwetu upepo huingia dirishani ghafla na kuzima moto, nawe uko uani unafua. Jiko la kawaida litaendelea kumwaga gesi sakafuni mpaka urudi, na pengine urudi na kiberiti mkononi. Jiko lenye kijiti hicho ni ghali kidogo. Afadhali ungoje mshahara wa mwezi ujao.

KUFUNGA

Mahali bora pa mtungi ni nje ya ukuta, barazani, kivulini, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, na bomba likapenya ukutani hadi kwenye jiko. Mtungi wa kilo 38 usiingie ndani ya nyumba kwa hali yoyote. Wale tusio na baraza tutauweka sebuleni, basi tuuweke kwa adabu: usimame wima siku zote, upande wa ukuta wa nje, karibu na lile tundu la chini, mbali na njia ya kupita watoto, mbali na pazia, mbali na friji na soketi, maana hivyo vina cheche. Kuulaza mtungi ili kumalizia gesi ni mchezo mbaya sana. Ndani yake gesi ni maji, na lita moja ya maji hayo ikitoka hufumuka kuwa lita zipatazo 250 za mvuke.

Jiko likae juu ya meza imara isiyo na kitambaa, kando ya dirisha lakini si mkabala nalo, ili hewa iingie na upepo usipige mwali. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko penye joto, na ubanwe kwa klipu za chuma pande zote mbili. Waya wa kufungia si klipu. Hewa kavu ya huku hukausha mpira upesi. Ukiukunja na kuona nyufa, ubadilishe siku hiyo hiyo, na hata usipoziona, ubadilishe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mimi nimeandika tarehe ukutani kwa kalamu ya wino mzito, na mke wangu ameshanisamehe kwa kuchafua rangi.

Kila unapobadili mtungi, koroga sabuni ya unga na maji, pakaa povu mdomoni mwa mtungi, kwenye regyuleta na kwenye klipu, kisha fungua gesi bila kuwasha jiko. Povu likichemka, panavuja. Asitokee fundi wa kukujaribia kwa njiti ya kiberiti. Akianza hivyo, mshukuru na umtoe nje. Na kwa kuwa vumbi letu huziba vitundu vya pleti, zipige mswaki kila wiki. Mwali wa manjano usiupuuze.

NA KUOTA JE?

Wasomaji wengine wataniuliza: kwa nini tusinunue jiko la kuotea, lile la gesi lenye magurudumu na mtungi mgongoni, linalowaka wekundu kama machweo? Yapo, na katika nchi za baridi hutumika sana. Kule Uingereza sebule nyingi zilikuwa na moto wa gesi ukutani, lakini msomaji afahamu ulivyofungwa: nyuma yake kuna dohani inayotoa hewa chafu nje ya paa, na sheria hairuhusu afungaye awe mtu yeyote tu. Hufungwa na fundi aliyeandikishwa, katika orodha ambayo tangu mwaka 2009 huitwa Gas Safe. Dohani zetu ziko wapi? Jiko la magurudumu halina dohani. Kila linachokitoa mnakivuta ninyi. Ukiwa huna budi kulinunua, labda kwa ajili ya mgonjwa au mzee, litafute lenye kifaa kinachozima gesi oksijeni ikipungua chumbani, liwashe kabla ya kulala na dirisha likiwa wazi, na ulizime, ukafunge na mtungi, kabla mtu hajafumba macho.

Maoni yangu ni kwamba baridi ya Dodoma haistahili gharama hiyo wala hatari hiyo. Blanketi la pili, soksi na chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kitambaa vitamvusha mtoto mpaka asubuhi. Na jiko la kupikia lisigeuzwe la kuotea. Halikutengenezwa kuwaka usiku kucha.

Harufu ile ya yai bovu unayoisikia gesi inapovuja imetiwa kwa makusudi, kwa sababu gesi yenyewe hainuki. Ukiisikia, usiguse swichi, si ya kuwasha wala ya kuzima, na simu usiitumie ukiwa ndani. Funga mdomo wa mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, na kama waweza, utoe na mtungi uwanjani. Ukishakuwa nje, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na ukikuta watu wamelegea ndani ya chumba chenye jiko, watoe kwenye hewa kwanza, kisha uwapeleke hospitali hata kama wamezinduka.

Nyumbani kwangu jiko la mkaa lilibaki barazani, na sebuleni sasa tunapikia gesi. Mama alikuja tena Juni iliyopita. Tulimpa mablanketi matatu. Kila usiku kabla ya kulala alimtuma mjukuu wake akaushike mdomo wa mtungi na kumwambia kama umefungwa, kisha yeye mwenyewe akainuka na kulisukuma dirisha, likabaki wazi kiasi cha kupitisha kiganja cha mkono.